Pedi Mbili, Bisibisi Moja

Mashine ya kwanza ya gemu niliyoicheza maishani ilikuwa imelazwa kifudifudi. Nilikuwa darasa la tano, na chumba kilikuwa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, chini ya nyumba ya mawe, giza mchana kutwa. Lenzi ya mashine ilikuwa imechoka na mwenye chumba alijua dawa yake: igeuze juu chini, diski itasoma. Tulikaa jamvini, pedi mbili za kuchezea mikononi, shilingi 10 kwa mechi, anayefungwa anatoka, anayeshinda anabaki. Waliokuwa wakingoja zamu walikuwa wengi kuliko waliokuwa wakicheza, na kelele zote zilikuwa zao.

Mkao ule haukuwa mgeni kwetu. Ungetoka pale ukafika Mkunguni, mbele ya ngome, ungewakuta wazee kwenye bao: wawili wanacheza, kumi wamewazunguka, na kila mmoja katika wale kumi anajua kete ilipaswa kwenda wapi. Nimefikiri mara nyingi kwa nini konsoli, mashine ya gemu kama ile, iliuteka mji wa Lamu na kompyuta ikabaki nyuma, na kila mara narudi kwenye picha hiyo. Konsoli ilitukuta tumeshakaa. Ilitaka runinga moja, pedi mbili na watu wa kubishana. Kompyuta ilitaka mtu mmoja, kiti kimoja, na uso ulioelekea ukutani.

Leo natengeneza simu na kompyuta karibu na Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, na adui yangu wa kila siku ni chumvi. Hewa yetu hula chuma polepole, bila kelele. Mtu hukuletea mashine iliyokaa mwaka mzima dirishani upande wa bahari. Ukiifungua, miguu ya chipu imeota ukijani na skrubu hazishiki tena bisibisi. Unachukua mswaki na spiriti, unasugua, unakausha, unaomba Mungu. Nimefungua konsoli nyingi na kompyuta nyingi zaidi, kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni ya mtu aliyeziona kwa ndani. Naipenda kompyuta, na sitajifanya nimekaa katikati.

Nianze mbali kidogo. Desemba 1993, kampuni ndogo ya Texas iitwayo id Software ilitoa gemu ya Doom. Sehemu ya kwanza waliitoa bure. Watu wakainakili kwenye disketi, wakapeana kazini na vyuoni, na aliyenogewa akalipia zilizobaki. Jambo kubwa zaidi ni kwamba waliiacha gemu ikiwa inafunguka: mchezaji aliweza kuchora ramani yake mwenyewe na kuwapa wenzake. Kutoka kwenye desturi hiyo ndiko kulikotoka Counter-Strike, ambayo mwaka 1999 ilikuwa mabadiliko tu yaliyofanywa na wachezaji juu ya gemu ya Half-Life, na Dota, iliyozaliwa ndani ya gemu ya Warcraft III. Gemu mbili ambazo hadi leo hujaza viwanja vya michezo, na hakuna hata moja iliyoanza kwa amri ya mkurugenzi wa kampuni.

Kisha pepo zikageuka, kaskazi ikalala na kusi ikavuma. Machi 2000 PlayStation 2, au PS2, konsoli ya Sony, iliingia sokoni Japani, na kabla ya mwisho wake ilikuwa imeuzwa zaidi ya milioni 150. Gemu ya Halo, ambayo Steve Jobs aliionyesha jukwaani mwaka 1999 kama fahari ya kompyuta za Apple, ilinunuliwa pamoja na watengenezaji wake na Microsoft, na mwaka 2001 ikatoka kuwa sababu ya watu kununua Xbox, konsoli ya Microsoft. Mwaka 2007 Wajerumani wa Crytek walitoa Crysis kwa kompyuta peke yake, gemu nzuri mno na nzito mno, hata kompyuta za matajiri zikawa zinahema. Walilalamikia sana wizi wa nakala, na Crysis 2 ilipotoka 2011 ikatoka kwenye konsoli pia. Katika miaka hiyo ilikuwa kawaida kusoma kwamba gemu za kompyuta zimekufa na kinachongojwa ni maziko.

Huku kwetu hapakuwa na cha kuzika. PS2 zilikuja zimeshachipiwa, zinasoma diski za kunakili, na katika kila mtaa kulikuwa na chumba kimoja au viwili. Nakala zile zilikuwa za wizi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu pasipo nakala zile vyumba vile visingekuwepo. Tulicheza gemu ya mpira ya Pro Evolution Soccer mpaka tukaijua mechi kwa mlio wake, na kijana aliyechukua timu ya Inter alikuwa amemchukua mshambuliaji Adriano, na mguu wa kushoto wa Adriano ulikuwa msiba wa makipa wote wa Langoni.

Kompyuta ilikuja kwa tabu. Naikumbuka ile ya saiba, chumba cha intaneti ya kulipia, ya kwanza niliyoingia: skrini yake ya kioo kizito ilivuka kwa boti kutoka Mokowe, ikapandishwa gati kwa mikono minne, na kutoka hapo ikabebwa na punda, imefungwa magunia kama mtungi. Tuliifuata punda yule hadi mlangoni. Halafu ikawekwa chumba chenye mlango wa kioo, ikalipishwa kwa dakika, na maandishi ukutani yakasema gemu hairuhusiwi. Nyakati hizo Lamu ilikuwa bado haijaungwa na gridi ya taifa. Stima yetu ilitoka kwenye jenereta za dizeli na ilikatika ilipotaka. Konsoli ikizimika ghafla, unapoteza mechi. Kompyuta ikizimika ghafla mara kumi kwa wiki, unapoteza diski kuu, ile inayotunza kila kitu.

Ndiyo maana siamini maelezo ya wanaosema konsoli ilishinda kwa sababu ni rahisi, au kompyuta imerudi kwa sababu ina nguvu. Tazama Korea Kusini. Kwa miaka mingi bidhaa za utamaduni wa Japani, nchi zilikotoka konsoli nyingi, zilizuiwa kule, na zuio lilianza kulegezwa mwaka 1998 tu. Mwaka huo huo ilitoka StarCraft, gemu ya kompyuta. Nchi ilikuwa imetoka kupigwa na mgogoro wa fedha wa 1997, watu wamepoteza kazi, serikali inasukuma intaneti ya kasi, na waliofungua biashara ndogo wakafungua vyumba vya kompyuta, vinavyoitwa PC bang. Watoto wa Seoul walikaa wakisubiri zamu kama sisi, tofauti ni kwamba mbele yao palikuwa na kibodi. China nayo ilipiga marufuku konsoli mwaka 2000, ikaanza kulegeza 2014 na kuondoa marufuku kabisa 2015. Kizazi kizima cha Wachina kilikulia kwenye kompyuta kwa sababu ya karatasi iliyotiwa saini Beijing. Wangekuwa na gati ya Mokowe na jenereta ya dizeli, wangecheza tulichocheza sisi.

Septemba 2003 kampuni ya Valve ilianzisha Steam, programu ya kupokelea gemu mtandaoni, na Novemba 2004 ikatoa Half-Life 2 kwa sharti jipya: hata ukinunua diski dukani, lazima uingie kwenye intaneti, ufungue akaunti, gemu ifungwe kwenye jina lako. Wachezaji wengi walikasirika. Lakini hapo ndipo kompyuta ilipoanza kuinuka tena, maana duka lilihamia ndani ya mashine, bei zikashuka kwa misimu, na mtengenezaji mmoja aliyejifungia chumbani akaweza kuuzia dunia nzima. Minecraft, ya Msweden Markus Persson, ilianza kuuzwa mtandaoni 2009 ikiwa haijakamilika hata nusu. Mwaka 2014 Microsoft iliinunua kwa dola bilioni 2.5.

Mimi niliyaona hayo kutoka ng'ambo ya pili. Mwaka 2010 nilikuwa chuoni Mombasa. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilikuwa zimeshatua pale mwaka uliotangulia, na kwa mara ya kwanza niliona video ikicheza bila kusimama. Nilinunua mkononi mwa mtu diski ya gemu ya kompyuta, halisi, na kasha lake, kwa pesa nilizozibana miezi miwili. Likizo nikaivusha hadi Lamu. Ilikataa. Namba yake ilikuwa imeshafungwa kwenye akaunti ya mtu niliyemjua kwa sura tu. Nilikaa na kasha lile mapajani usiku ule nikaelewa kitu ambacho sijakisahau: nilichonunua kilikuwa plastiki. Wenzangu Langoni, na PS2 yao ya kuchipiwa, walikuwa wakibadilishana diski barazani kama kawaida.

Kwa hiyo ni kompyuta iliyoanza kuua diski. Sitalificha hilo eti kwa kuwa naipenda.

Kilichonirudisha kwenye kompyuta ni ami yangu, kaka wa baba, fundi wa majahazi Matondoni. Ukimuuliza mashua yake ina umri gani, atakutajia mwaka alioulaza mkuku. Mbao za ubavuni ameshazibadilisha zote, moja moja, mwaka huu mbili, mwaka ujao tatu. Taruma kadhaa si zile. Tanga ni la tatu. Kila msimu anaipandisha pwani, anakung'uta kalafati kuukuu, anapigilia pamba mpya, anaipaka sifa mpaka mtaa mzima unanuka papa. Hajawahi kununua mashua nyingine, na hajawahi kuacha kuvua.

Mwaka 2018 nikanunua kompyuta ya ofisi iliyotumika Uingereza, boksi jeusi lisilo na uzuri wowote, kwa bei ndogo kuliko ya konsoli mpya. Ilikuwa ya kuandikia barua. Mwaka wa kwanza nikaiongeza ramu, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi. Mwaka wa pili nikaitoa diski kuu nikaweka SSD, diski ya kasi isiyozunguka, na ikaamka kama mtu aliyenyweshwa kahawa chungu. Kadi ya grafiki, inayochora picha za gemu, ndiyo iliyonitesa. Mwaka 2021 dunia nzima ilikuwa ikigombania kadi, kwa kuwa watu walizitumia kuchimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum, na hata kuukuu ziliuzwa kama dhahabu. Septemba 2022 Ethereum ilibadilisha utaratibu wake, uchimbaji wa kadi ukaisha siku hiyo hiyo, na sokoni zikamwagika. Nikapata GTX 1050 Ti kutoka Nairobi, kadi ya 2016, inayokula wati 75 tu na haihitaji waya wa ziada, inayofaa kabisa kwa boksi lenye powasaplai dhaifu. Ilikuja kwa basi hadi Mokowe, imefungwa ndani ya fulana. Kila kipande nilikiweka kwa mkono wangu, na kila kilichokufa nilikijua jina.

Konsoli haikupi hilo, na hapa nasema kama fundi. Tangu 2013 mashine za Sony na Microsoft zimejengwa juu ya prosesa, ubongo wa mashine, za kampuni ya AMD za ukoo ule ule wa kompyuta. Ukizifungua unaona kompyuta. Lakini ni kompyuta iliyofungwa: huwezi kubadilisha kadi, huwezi kuweka mfumo mwingine, huwezi kuifanya iandike barua ya kuomba kazi. Boksi langu mchana linatoa fomu za wateja na kutengeneza vyeti vya harusi, usiku linacheza gemu. Kwa nyumba yenye pesa ya mashine moja, hiyo ndiyo hesabu.

Konsoli ilikuwa na majibu mawili mazuri kwa hesabu hiyo, na yote mawili inayapoteza.

La kwanza ni bei. Zamani mtu wa kipato kidogo alijua akingoja, zamu yake itafika. PS2 ilianza Marekani kwa dola 299, na mwaka 2009 ilikuwa dola 99. Ndivyo zilivyotufikia. PS5 ilianza 2020 kwa dola 499, na Agosti 2025, mashine ikiwa na karibu miaka mitano, ikapandishwa hadi 549.99. Kizee kinapanda bei! Anayengoja zamu sasa anangoja kitu kinachorudi nyuma.

La pili ni diski, na hili linaniuma zaidi. Diski ilikuwa sarafu ya vijana wetu. Mmoja ananunua, wanacheza sita, inauzwa Malindi, pesa inarudi na nauli. Juni 2013 Microsoft ilitangaza kwamba Xbox One itabidi iingie mtandaoni kila saa 24 na kwamba gemu zilizokwisha kutumika zitawekewa masharti. Sony ikajibu kwa video fupi ya wanaume wawili, mmoja anampa mwenzake diski, basi. Watu walishangilia, na Microsoft ikarudi nyuma kabla ya mwezi kwisha. Nilishangilia nami. Novemba 2024 Sony hiyo hiyo ikatoa PS5 Pro kwa dola 700 bila sehemu ya kuwekea diski. Ukiitaka unainunua kando.

Ikiwa diski itakwisha, kinachobaki ni duka la mtandaoni, na duka la mtandaoni lina bawabu. Mtandao wa PlayStation hauitambui Kenya katika orodha ya nchi zake. Katika Afrika yote inayojulikana kule ni Afrika Kusini. Mkenya anayetaka kununua hana budi kujiandikisha kama mkazi wa mahali asipoishi. Mwaka 2024 jambo hili lilifika hadi kwenye kompyuta. Helldivers 2, gemu ya Sony, ilikuwa inauzwa Steam dunia nzima, watu wakaicheza kwa furaha, na mwezi Mei Sony ikataka kila mchezaji aunge akaunti ya PlayStation. Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170, zote zile zisizo kwenye orodha. Wachezaji wakalipuka, wa nchi zilizomo pamoja na wa nchi zisizomo, na baada ya siku chache sharti likafutwa. Nilizisoma siku zile kwa moyo mzito. Kuna ofisi mahali ambayo, kwa kuandika sentensi moja, ingeweza kunyang'anya mtu gemu aliyoilipia, na sababu ni kwamba nchi yake haikuandikwa.

Najua Steam nayo ni bawabu. Ndiyo maana gemu ninazozithamini zaidi nazinunua GOG, duka la Wapoland lililoanza 2008, ambalo hukupa faili lenyewe, huru, uliweke unapotaka. Ninayo diski kuu moja ndani ya mfuko wa plastiki wenye vipakiti vya kunyonya unyevu, na humo mna gemu ambazo hakuna wa kuja kunidai. Na Valve, kwa haki yake, mwaka 2018 ilitoa programu ya Proton ili gemu za Windows zichezeke kwenye Linux, mfumo huru wa kompyuta, na Februari 2022 ikatoa Steam Deck, mashine ya mkononi ambayo vipuri vyake vinauzwa hadharani kupitia iFixit, kampuni ya vipuri, hadi skrini. Nimeiona moja, ya mgeni aliyefikia Shela. Aliniruhusu niifungue. Skrubu za kawaida kabisa.

Miaka ya karibuni hata wenye konsoli walianza kuja upande huu. Sony, iliyokuwa ikizificha gemu zake kama vito, ilileta Horizon Zero Dawn kwenye kompyuta 2020 na God of War 2022. Microsoft haibagui tena kati ya konsoli na kompyuta. Wengine wanauita huo ushindi wa kompyuta, lakini mimi sijatulia. Mwishoni mwa 2025 bei ya ramu ilipaa kwa sababu vituo vya akili unde vinazinunua zote, na ramu niliyowahi kumuuzia mwanafunzi kwa pesa ya chakula cha siku mbili leo namtajia bei huku nikitazama pembeni. Kipuri kikishindikana kununulika, bisibisi haina kazi.

Lakini nataka niseme jambo moja kuhusu ule mkao. Kompyuta haitaki tena uso ukutani. Waya mmoja unaiunga na runinga, pedi mbili zinachomekwa ubavuni, na boksi langu jeusi linakuwa kama mashine ile ya Langoni, ila hili linasimama wima. Kila Ijumaa baada ya Isha nafungua chumba cha nyuma, natandika jamvi, sitozi kitu. Wanaokuja ni vijana wa mtaa, na mara mbili tatu mtoto mmoja ameacha kucheza akaja kuchungulia ubavuni, akaniuliza ile feni inapuliza nini. Huyo nampa bisibisi.

Ijumaa iliyopita ami alikuja kutoka Matondoni kuchukua simu yake. Akasimama mlangoni, bado ananuka sifa, akatazama boksi na waya zake.

"Hini ndiyo ile ya mwaka ule?"

"Ndiyo, ami. Ya 2018."

"Umebadilisha nini?"

Nikamhesabia: ramu, diski, kadi, feni mara mbili, na powasaplai ambayo inangojwa kwa boti ya Jumatatu, maana hii imeanza kulia. Akasikiliza mpaka mwisho kama anavyosikiliza mvuvi akieleza panapovuja. Hakusema kitu. Alivua viatu, akaingia, akakaa jamvini mwa watoto, akauliza ni nani aliyefungwa.

Kijana aliyefungwa akampa pedi kwa mikono miwili.